Shuka ya Bi Mwanamvua

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, nasema zamani ambayo cherehani za kukanyaga zilishafika na waliozikanyaga bado wana wajukuu, palikuwa na mji uitwao Mbondo. Wekeni mikasi chini mnisikilize. Hadithi hii siipendi, kila nikiisimulia hamu ya kula inaniisha, lakini ninyi ndio kwanza mnajifunza kudarizi na lazima mtu awaambie.

Watu wa Mbondo walikuwa na desturi yao. Mwanamke akifa, jeneza lake hufunikwa shuka nyeupe aliyoidarizi binti yake kwa mkono wake, bila mshono wa mtu mwingine. Mwenye wana wa kiume watupu hudariziwa na mkwewe. Shuka haizikwi. Inamsindikiza mama hadi makaburini, kisha inarudi nyumbani, inakunjwa na kuwekwa. Jeneza likipita, watu huangalia shuka kwanza, halafu husema, "Huyu ni mama wa fulani." Mwanamke asiye na mtoto hufunikwa shuka ya msikiti, ya kijani, haina ua hata moja. Ikipita hiyo watu husema, "Maskini, huyu hakuzaa."

Basi Bi Mwanamvua alizaa mtoto mmoja tu, Somoe. Na Somoe hakujua kudarizi.

Si kwamba hakufundishwa. Bi Mwanamvua mwenyewe alikuwa mdarizi wa mkono, anayesifiwa mji mzima, kazi yake ukiigeuza huwezi kujua uso ni upi na mgongo ni upi. Alimkalisha Somoe tangu ana miaka tisa. Lakini watu wengine wamezaliwa na makalio ya kukaa na wengine hapana. Somoe alipenda shamba. Ikawa kila mwaka mama anasema, "Mwanangu, shuka." Na kila mwaka binti anajibu, "Mama, mbona una haraka ya kufa?" Wanacheka, yanaisha. Miaka ishirini ikaenda hivyo.

Mwaka wa ishirini na moja Bi Mwanamvua akavimba tumbo. Daktari akamwita Somoe pembeni, akamwambia amrudishe mama nyumbani, ampikie anachokipenda. Miezi miwili, alisema, ikizidi sana.

Bi Mwanamvua hakuhitaji kuambiwa. Alimwita binti yake kitandani akamwambia, "Somoe, kufa siogopi. Naogopa ile njia ya kutoka hapa hadi makaburini. Nisipitishwe chini ya shuka ya msikiti kama mtu aliyeishi miaka sitini bila kuitwa mama."

"Hutapitishwa, mama."

"Haya. Kitambaa kipo kwenye sanduku. Ni kile nilichotolewa nacho siku ya harusi. Kipo kimoja."

Shuka ya mkono ni kazi ya miaka miwili. Somoe alikuwa na miezi miwili. Akaenda kwa Fundi Hemedi, aliyekuwa na cherehani barazani kwake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti."

"Nataka unifundishe kudarizi kwa cherehani. Mama yangu anaondoka."

Fundi Hemedi alikuwa mtu mwema, lakini mwenye kanuni. Akamwambia, "Nitakufundisha. Ila hakuna mtu anayegusa kitambaa cha kweli hapa kabla hajajaza vipande thelathini vya mazoezi. Kimoja kwa siku. Si wewe tu. Hata mwanangu wa kumzaa nilimfanyia hivyo."

"Fundi, siku thelathini ni nusu ya uhai wa mama yangu."

"Na kitambaa unacho kimoja. Ukikiharibu, utampa nini?"

Somoe akakaa. Siku ya kwanza akafundishwa kufungua mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa, na kuuweka kando, kufunika kwa kibati yale meno yanayosukuma kitambaa, kubana kitambaa kwenye fremu hadi kikaze. Sindano inapiga hewani, na mikono ndiyo inayosogeza fremu. Miguu inakanyaga, mikono inatembea, na kimoja kisimsubiri mwenzake. Akasahau kushusha kile kishikio cha nyuma kinachokaza uzi, maana mguu haupo, akadhani hakuna cha kushusha. Uzi ukajikusanya chini ya kitambaa bonge zima. Fumua, akasema fundi. Siku ya pili akavuta fremu kwa pupa, sindano ikavunjika. Weka nyingine. Siku ya tano jani lake lilifanana na kiatu. Fumua. Siku ya kumi alilia, machozi yakaingia kwenye kazi. Fumua. Siku ya ishirini na mbili jani lilikuwa jani, na ua lilikuwa ua, kila mtu aliliona. Somoe akaomba, "Fundi, niachie sasa." Fundi akasema, "Bado vinane."

Mnaona? Siku nane. Zishikeni vichwani.

Siku ya thelathini na moja Somoe akabana kitambaa cha mama yake. Akadarizi siku kumi na moja, majani ya kijani pembeni, maua mekundu pembe mbili. Uso ulikuwa mzuri, nasema kweli. Akaenda nacho nyumbani kumfurahisha mgonjwa.

Bi Mwanamvua akaushika uso wa kitambaa, akatabasamu. Kisha akafanya walichofanya wadarizi wote wa mkono tangu dunia iumbwe. Akakigeuza. Huko nyuma kulikuwa na uzi mweupe wa bobini, ule unaotoka chini, na vitone vyekundu na vya kijani vimechungulia huku na huku.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mgongo huu mchafu. Siwezi kulala chini ya mgongo huu. Fumua."

Somoe hakubisha. Angebishaje, naye ni mwanafunzi wa mwezi mmoja na mama yake ndiye Bi Mwanamvua? Alijua amekosea mahali, hakujua wapi. Akafumua siku sita. Akaanza upya, akivuta uzi kwa hofu, akigeuza kila baada ya inchi, na vitone vilikuwa vile vile. Akawa hamwonyeshi mama. Mama akiuliza, anajibu, "Inaendelea." Siku tisa, pembe tatu zikaisha. Ikabaki moja.

Mchana wa siku ya tisa wakaja kumwita. Mama amebadilika. Somoe akainuka akakimbia, shuka akaiacha kwenye fremu, chini ya sindano.

Pale barazani, fundi akiwa ametoka, palikuwa na mwanafunzi mwingine, Zuhura, binti wa mama mdogo wa Somoe, aliyeanza kujifunza miaka mitatu kabla yake. Zuhura alimpenda Bi Mwanamvua kwa sababu ndiye aliyemlea. Akaitazama ile pembe tupu. Akaitazama njia aliyokimbilia dada yake. Akakaa, akaidarizi. Alasiri haijaisha, ua la nne lilikuwa tayari, na lilikuwa zuri kuliko yale matatu. Akaichukua shuka mikononi, akampelekea Somoe uani.

"Dada, imekwisha."

Somoe aliitazama sana. "Nani kaimaliza?"

"Wewe. Nani atajua? Mimi na wewe tu."

"Mimi nitajua, Zuhura. Nitasimama mlangoni nimwangalie mama akipita chini ya uongo wangu."

Akaingia ndani, akachukua wembe, akaanza kulifumua lile ua la nne ili alidarizi mwenyewe. Mkono ulikuwa umechoka, macho yamejaa machozi, na mishono ya Zuhura ilikuwa imeshikana vizuri mno. Wembe ukapita kwenye uzi, ukapita na kwenye kitambaa. Tundu likafunguka, upana wa kiganja kizima.

Asubuhi yake Bi Mwanamvua akafa.

Wanawake wakamwosha, wakamvisha sanda. Jeneza likaja. Mwoshaji akauliza, "Somoe, shuka iko wapi?" Somoe alikuwa ameikalia. Kimya. Akauliza mara ya pili, "Mwanangu, wanaume wanasubiri." Kimya. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya kunong'ona, "Hukumfanyia mama yako shuka?" Somoe akatikisa kichwa kwamba hapana. Aliona aibu ya tundu. Basi ikaletwa ya kijani.

Fundi Hemedi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na hakuelewa kwa nini shuka ni ya kijani. Njia nzima, kutoka nyumbani hadi makaburini, watu wa mitaa ya mbali wasiojua ni nani aliyebebwa walisimama wakasema lile wanalolisema. Neno likarudi hadi mlangoni walikobaki wanawake. Zuhura alilisikia. Somoe alilisikia. Bi Mwanamvua, mimi sijui kama wafu wanasikia, na naomba isiwe hivyo.

Siku ya tatu ya msiba Fundi Hemedi akaja kutoa pole. Akamkuta Somoe na Zuhura wamekaa mkekani hawatazamani. Akauliza kuhusu shuka, Somoe akaitoa, akaitandaza.

Fundi akaigeuza, akaona mgongo. "Ulifumua ya kwanza kwa sababu ya hivi vitone?"

"Ndiyo. Mama alisema mchafu."

"Binti, mgongo wa cherehani ndivyo ulivyo. Uzi wa chini ni mwingine, wa juu lazima uchungulie. Mimi nina miaka arobaini kazini na mgongo wangu ni huu huu. Mama yako alihukumu kazi ya cherehani kwa macho ya mkono. Kwa nini hukuniuliza? Zilipotea siku kumi na saba, za kudarizi na za kufumua."

"Kwa nini hukunifundisha?" akasema Somoe. "Ulinikalisha siku thelathini. Ulinifundisha jani, ukanifundisha ua, ukanifundisha kufumua. Hukunigeuzia kitambaa hata siku moja ukaniambia, hivi ndivyo. Na siku nane za mwisho nilikuwa tayari, ukaniona niko tayari."

Fundi akasema, "Kanuni ni kanuni. Ningekuachia mapema ukaharibu, leo ungenilaumu kwa hilo."

Zuhura akasema, "Mimi ndiye mwenye kosa. Ningeiacha pembe moja tupu, shuka ingekuwa na pembe tatu na mama mkubwa angefunikwa. Nilitaka kumsaidia, nikampelekea wembe." Kisha akakasirika, maana majonzi yana hasira ndani yake. "Lakini dada, kwani ungenyamaza ungepungukiwa nini? Mimi ni mwanawe pia. Alininyonyesha. Maua matatu yako, moja langu, uongo uko wapi?"

Somoe akasema, "Labda haukuwepo." Akalishika lile tundu kwa vidole viwili. "Na mama naye. Ningemwambia nini, alale chini ya mgongo asioutaka? Alijua siku zake zimekwisha akasema fumua. Mimi nina hasira naye, Zuhura. Mama yangu ana siku tatu kaburini na mimi nina hasira naye."

 

Baadaye Somoe akasema tena, polepole, "Aliponiuliza mwoshaji, shuka nilikuwa nimeikalia. Yenye tundu, lakini yangu. Watu wangecheka tundu, na wangejua alizaa."

Somoe hakukanyaga cherehani tena. Shuka ipo, imekunjwa, haijasindikiza mtu. Wenyewe watatu walizeeka katika mji mmoja wakipishana njiani, kila mmoja akihesabu siku za mwenzake: nane za fundi, kumi na saba za mama, alasiri moja ya Zuhura, na dakika ile ya binti mbele ya mwoshaji. Ongezeni na miaka ishirini ya kucheka, mkitaka kuwa wakali.

Sasa nyanyueni vichwa mnitazame, na msikimbilie kumhurumia mtu. Fundi aliilinda kanuni. Mama aliilinda kazi safi. Zuhura alimlinda dada yake. Somoe aliulinda ukweli, kisha akailinda aibu yake. Mimi nimekaa na jambo hili miaka mingi na sijalala nalo vizuri. Je, kati ya hao wanne, nani aliyempitisha Bi Mwanamvua barabarani kama mwanamke asiyezaa?