Mayai ya Marehemu Kanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani kama sisi, Kanga aliugua sana. Alikuwa na mayai yake kiotani. Kabla hajakata roho alimwambia rafiki yake Bi Kifaru, "Shoga, wanangu nakuachia wewe."

Sasa Bi Kifaru angeyaatamia mwenyewe si yangekuwa kimanda? Mumewe akatafuta mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku lenye taa na bakuli la maji ndani. Hawakuwa wamewahi kutumia mashine kama hiyo. Kila siku Bi Kifaru aliyageuza mayai kwa ncha ya mdomo, polepole, huku akiyaimbia.

Siku ya kuanguliwa ilipokaribia, ngo ngo ngo! Akaja Nguchiro, mdogo, mwembamba, macho yanacheza.

"Shemeji, mmeyapima mayai kwa mwanga?"

"Yanapimwaje?" akauliza Kifaru.

"Unaliweka yai mbele ya tochi. Yai zima hupitisha mwanga. Bovu ni jeusi ndani, na likipasuka linaharibu yote."

Uongo mtupu, wanangu. Jeusi ndilo lenye kifaranga, na Nguchiro alikuwa na hamu ya nyama changa. Lakini vifaru hawaoni vizuri, tena waliona haya kuuliza zaidi.

"Basi tusaidie, ndugu yetu. Wewe una macho," akasema Kifaru.

Nguchiro akawasha tochi. "Hili jeusi, liingie kapuni. Hili jeupe, libaki. Hili jeusi. Na hili." Kapu likajaa, sandukuni yakabaki machache.

Bi Kifaru akainama, masikio yamesimama. Ndani ya kapu: pi, pi, pi.

"Mume wangu, kuna sauti humu."

"Hewa ya uozo hiyo, shemeji," akasema Nguchiro. "Yai bovu huchemka hivyo."

"Mbona kama mtoto analia?"

"Mke wangu," akasema Kifaru, "mwenye macho ameshaona. Mwache akatupe."

Bi Kifaru akalifunika kapu kwa kitambaa, akampa Nguchiro kwa mikono yake mwenyewe, na asante juu.

Wakangoja. Taa iliwaka, maji yaliongezwa, nyimbo ziliimbwa. Kimya. Mwishowe harufu ikajaa chumbani. Kifaru akavunja yai, tapu! Maji yanayonuka. Akavunja jingine, maji tena. Hakuna hata moja lililokuwa na kifaranga.

Bi Kifaru akakimbia, tindi tindi, mpaka kwa Nguchiro. Alikuwa ameshahama. Mlangoni kulikuwa na maganda, na manyoya membamba ya watoto.

Akayakusanya yote, akayapeleka kaburini kwa Kanga.

"Shoga, niliwasikia," akasema. "Waliniita, nikawasikia, na bado nikawatoa."

Akalia pale peke yake mpaka sauti ikamkauka.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukikabidhiwa mtoto wa mwenzio, usiruhusu maneno ya mjuaji yakuzibe masikio.