Kasha Hufuata Mkono

Ubao hufuata kasha, kasha hufuata mkono.

Mmenisikia nikimwambia hivyo yule mteja aliyetoka sasa hivi, mkacheka, kisha mkaniuliza nani aliyatunga maneno hayo. Si mimi. Aliyasema fundi cherehani mmoja wa hapa Morogoro, na siku aliyoyasema nilikuwa nimesimama nyuma yake. Vuteni hizo ndoo mkae, niwaeleze yalikotoka.

Mama Agripina alishona nguo miaka thelathini. Mumewe, Mzee Desideri Mkude, aliendesha treni mpaka akastaafu. Walikaa wawili tu kule juu mlimani, kwenye nyumba ambayo bajaji haifiki. Unashuka ngazi za mawe kama arobaini ndipo unaikuta barabara. Figo za mama zilipochoka, ikabidi aende hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Kila safari masaa manne, amelala kando ya mashine. Alivumilia miezi mitano. Wa sita akakataa.

Mzee akaja dukani kwangu asubuhi, kofia mkononi.

"Fundi, mke wangu amekosa siku mbili. Daktari ameniambia akiendelea hivi nisije kumlaumu mtu."

"Pole sana, mzee. Sasa mimi fundi kompyuta nifanyeje?"

"Anasema amechoka kutazama dari. Binti yetu alipokuja likizo alimfundisha gemu ya mpira kwenye kompyuta yake. Bwana wee! Mama yule alinifunga mabao saba. Jana nikamwuliza, nikikuletea mpira mpaka kitandani, utakwenda? Akasema, ulete uone kama sitakwenda."

Wauguzi walikuwa wamemruhusu mzee kutumia televisheni iliyo ukutani. Alichotaka ni kompyuta ya kuchomeka pale, aende nayo na kurudi nayo. Kompyuta ya kupakata alikuwa nayo, kuukuu. Gemu ikifunguliwa tu, inapata moto na kuzimika. Mpya yenye nguvu ya kutosha hakuiweza bei. Nikamwambia, niachie mimi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kompyuta ina mazabodi, ubao mkuu unaoshika kila kitu. Ubao huo haukunjwi wala haukatwi. Ukishauchagua, umechagua na ukubwa wa kasha. Dukani nilikuwa na wa aina mbili. Mdogo ulikuwa wa sentimita kumi na saba kila upande, nafasi moja ya kadi ya picha na mbili za kumbukumbu, basi. Wa kati ulikuwa sentimita ishirini na nne, nafasi za kadi tatu, za kumbukumbu nne. Nikachukua wa kati, wala sikujiuliza mara mbili. Mnajua tulivyo. Mtoto anaanza darasa la kwanza, tunamnunulia sare ya kukulia. Mikono inamfunika vidole, sketi inafagia uwanja, tunamwambia utajaa humo. Na mimi nikasema hivyo hivyo: baadaye mzee ataongeza hiki, ataongeza kile, nafasi ipo. Nikaufunga kwenye kasha jeusi zuri, feni nne. Nikaiwasha, mpira ukachezeka bila kukwama hata mara moja. Nilijiona fundi kwelikweli.

Jumatatu, siku ya hospitali, nikapanda mwenyewe kuipeleka. Mzee akalipokea kasha kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani. Mama akatoka ndani amevaa kitenge chake kizuri, yuko tayari. Akafika ngazi ya kwanza, akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, kama alivyozoea. Miguu yake ilikuwa imevimba. Bila mkono wa mumewe hakuweza kushuka.

Mkono ule haukukuta kitu. Mzee alikuwa amekumbatia kasha, kidevu juu yake, hata ngazi zenyewe hazioni.

Mama akaushusha mkono. Akageuka, akarudi ndani, akaketi kwenye kiti cha cherehani.

Nikamfuata mbio. "Mama, nitalibeba mimi."

"Leo utabeba. Jumatano je? Na Ijumaa? Na wiki ile nyingine?"

Nikalitazama lile kasha jeusi.

"Sogea hapa, fundi mwenzangu," akaniambia. "Hebu nieleze. Ulimpima nani?"

"Sijakuelewa, mama."

"Mtu akiniletea kitambaa, namsimamisha hapo ulipo. Napima bega, napima kifua, ndipo nashika mkasi. Wewe kabla hujakata ulimpima nani?"

"Niliacha nafasi ya kuongeza vitu baadaye."

"Ahaa. Ya kukulia."

"Ndiyo, mama."

Akaanza kucheka, tena kile kicheko cha kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Baba Agripina, njoo usikie! Huyu kijana kanishonea ya kukulia." Kisha akanitazama, akapunguza sauti. "Mwanangu, mimi sikui tena. Mimi nataka ya kunitosha leo."

Mzee alikuwa mlangoni. Akalitua kasha chini polepole, akageuza uso nje.

Mama hakumpa nafasi ya kulia. Akavuta ile karatasi ya kaki anayokatia mifano ya nguo, akaniuliza ubao mdogo ni kiasi gani. Nikamwambia. Akapima kwa utepe wake, akakata. Akauliza kadi inakaa upande gani, feni inapanda kimo gani, waya wa umeme unaingilia wapi. Kila nilichotaja akakikata karatasi na kukipanga mezani, akibana hapa, akisogeza pale, mpaka akapata umbo la kasha.

"Desi, nipe mkono nipime."

Mzee akanyoosha wa kushoto.

"Siyo huo. Huo wangu. Nipe ule mwingine."

Akampima kiganja cha kulia, akaandika namba pembeni ya karatasi ya kaki, akanikabidhi mimi. "Kasha lining'inie hapo bila kugonga goti lake. Haya, twendeni, tumechelewa. Leo beba wewe, ni adhabu yako."

Nikalibeba lile kasha jeusi ngazi zote arobaini, na jasho langu likanifundisha yaliyobaki.

Wiki ile nikaanza upya, kutoka kwenye kipimo cha kiganja. Nikatafuta kwanza kasha dogo lenye mpini, kisha ubao mdogo wa kuingia humo. Kumbe hata midogo haifanani. Mmoja soketi ya umeme ilikuwa katikati, nyaya zingelala juu ya feni, nikaurudisha. Nikachukua ule ambao soketi iko ukingoni na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imekaa mbali na kadi, feni fupi ikapata pa kupumulia. Nikauweka kwanza juu ya karatasi ya mama. Ukalingana. Kompyuta ilipokamilika ilikuwa na uzito wa majogoo wawili.

Jumatatu iliyofuata nikawasubiri chini barabarani. Nikawaona wanashuka taratibu, kasha mkono wa kulia wa mzee, mama mkono wa kushoto. Nikapanda ngazi chache kumpokea mzigo.

"Acha," mzee akasema. "Huu haunishindi. Kaite bajaji."

Hospitalini nikachomeka waya kwenye televisheni. Mrija wa damu wa mama ulikuwa umewekwa kifuani, mikono yake yote miwili ilikuwa huru kuchezea. Kabla ya mapumziko mzee alikuwa keshafungwa mawili. Wagonjwa wengine wakaanza kushangilia kila mtu na upande wake, muuguzi akapita akisema, "Jamani, hapa si uwanjani," kisha naye akasimama kutazama.

Bwana mmoja wa kitanda cha jirani akalitazama lile kasha mezani. "Kumbe kadude kenyewe ndiko haka? Mama, kwa mpira mtamu hivi si mngenunua kubwa?"

Mama akausimamisha mchezo.

"Ubao hufuata kasha," akamjibu, "kasha hufuata mkono."

"Mkono upi?"

Mama akaushika mkono wa kushoto wa mumewe, akaunyanyua kidogo, bwana yule auone. Bwana akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na mzee mzima aliyeendesha treni miaka yote ile akainamisha uso kwa haya kama bwana harusi. Mama akaurudisha mkono ule taratibu kwenye paja lake. Kisha akafungua mchezo kabla mzee hajajiweka sawa, akamfunga la tatu.

Hakukosa tena hata siku moja.

Ndiyo maana mteja akiniuliza achukue ubao upi, mimi namwuliza kwanza nani atabeba, na mkono wake mwingine umemshika nani. Akishanijibu hayo, kasha nalijua. Nikishalijua kasha, ubao hautupi shida.

Ubao hufuata kasha, kasha hufuata mkono.