Wingu Lililotoboka Katikati

Usharika mmoja, na tafadhali msiniulize upi, ulikuwa na mzee aliyeanzisha kwaya akiwa bado kijana. Miaka ikaenda. Vijana wa sasa wakaleta kinanda na magitaa, na waimbaji wa zamani wakaondoka mmoja mmoja kwenda kusali mtaa wa mlimani. Mzee ilimuuma sana. Akaandika barua kwa baraza la wazee: vijana waondolewe kwenye kwaya. Ingesomwa Jumapili.

Jumamosi mchana binti yake, mwalimu wa fizikia, alikuwa akiandaa somo. Mzee akachungulia picha kwenye kompyuta: wingu kubwa jekundu, katikati limetoboka.

“Hili nalo limepatwa na nini?”

“Ni wingu la gesi na vumbi, baba, huko mbali angani. Nyota huzaliwa humo. Zikishawaka, mwanga na upepo wake mkali huisukuma gesi pembeni.”

Mzee akacheka, ila si kwa furaha. “Kumbe hata huko juu watoto hawana adabu. Wingu limewazaa, wao wanalifukuza.”

“Gesi nyingine hutawanyika, ni kweli. Lakini tazama huku ukingoni. Nyingine ikisukumwa hubanana, na hapo nyota mpya huweza kuzaliwa.”

Mzee akainama kuutazama ukingo huo. Binti akamuuliza taratibu, “Kabla ya kwaya yako, baba, nani walikuwa wanaimbisha?”

“Akina bibi. Polepole mno, ungeweza kusinzia. Tulipoleta ngoma na kayamba wakachukia, wakahama.”

“Wakahamia wapi?”

“Mlimani. Si ndio walioanzisha ule mtaa.”

Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Aibu ikamshika, akaondoka mezani. Barua haikusomwa.

Haya, na sisi je? Kila mmoja wetu hapa anajiona ni wingu. Tunaoneana huruma, tunasimuliana jinsi tulivyosukumwa. Nani kati yetu anakumbuka alivyokuwa akiwaka, na ni nani aliyekuwa karibu naye akaungua? Nanyi vijana msitabasamu huko nyuma, maana hicho mnachowaka nacho mmekipata kwa hao hao mnaowasukuma.

Kwa hiyo wiki hii usimwombe Mungu amzime mtu. Yupo bibi mmoja uliyemsukuma wewe, na bado yu hai. Unapafahamu kwake. Nenda.