Mkono wa Kulia wa Sekiondo

Nyamazeni kwanza, enyi watoto wa Kwelongo! Najua damu imewachemka. Uwanja umefagiliwa, vijana wetu wawili wamekwisha kuvua mashati, na tangu asubuhi hamna mazungumzo mengine ila mabondia wa kwenye televisheni, nani alimwangusha nani na mkanda ulikwenda kwa nani. Sikatai, nami huwatazama nikapiga kelele hata mke wangu akanitoa nje. Lakini hairushwi ngumi katika mlima huu kabla hajatajwa aliyetufundisha kuikunja, na leo zamu ya kumtaja ni yangu.

Ilikuwa zama za mababu wa mababu zetu, mlima huu ulipokuwa na chemchemi moja na koo mbili zenye kiu, watu wa Juu na watu wa Chini. Hapo ndipo alipozaliwa Sekiondo mwana wa Mbelwa, mwana wa Shundi mfua chuma, kitinda mimba wa nyumba ya nyundo, Fahali wa Juu, Radi Isiyotanguliwa na Wingu! Tangu utoto alivukuta moto wa baba yake mpaka mabega yakawa mapana kama mlango wa zizi. Siku moja ng'ombe dume wa mjomba wake alipomvamia, alimlaza kwa ngumi moja ya sikio, na mjomba, badala ya kumshukuru Mungu kwa uhai wa mpwawe, alinuna mpaka mavuno.

Kila kiangazi koo hizo zilichomana mikuki kwa ajili ya maji. Mikuki ya watu wa Juu ilifuliwa na Mbelwa mwenyewe, na kiangazi kimoja wanawe wakubwa wawili wakaletwa nyumbani wamebebwa kwenye machela. Sekiondo aliwazika kaka zake, akauzima moto wa kiwanda, akateremka peke yake mikono mitupu hadi chemchemini, akasimama mbele ya watu wa Chini na kutamka neno ambalo kila mtoto wetu hulijua: "Mkuki ukishatoka hauna kwao, bali ngumi hurudi kwa mwenyewe. Nileteeni shujaa wenu tupigane kwa mikono. Atakayebaki amesimama, ukoo wake utagawa maji, na mikuki yote izikwe!"

Watu wa Chini walicheka, kisha wakamletea Hamgembe mbeba magogo. Hamgembe alianza kujigamba kwa kutaja ukoo wake, na hakufika kwa babu. Alikuwa chini anatafuta meno. Wakamletea Mnkai Shingo ya Nguzo, wakapigana kwenye mvua mpaka hawakujulikana nani ni nani kwa matope, na watu walijua mshindi ni Sekiondo aliponawa uso. Lo, siku hizo nani angetaka kubaki nyumbani! Lakini watu wa Chini walisema hao walikuwa wa kuonjea tu, shujaa wao hasa ni Lugome, Mwamba wa Bondeni, naye yuko mawindoni, asubiriwe. Sekiondo akasubiri.

Lugome aliporudi, wazee wa pande mbili waliweka sheria. Mikono ifungwe kwa nyuzi za mgomba, asije mtu akaficha jiwe kiganjani, na mfungaji awe mama wa mpinzani, kwa kuwa hakuna mwenye macho makali kama mama ambaye mwanawe ndiye atakayepigwa. Aliyefunga ndiye atakayefungua. Na atakayekataa kufungwa amekataa amani.

Mama yake Lugome aliitwa Nakiete, mjane. Mumewe aliuawa kwa mkuki wa watu wa Juu, na Lugome ndiye mtoto pekee aliyembakia. Aliufunga vyema mkono wa kushoto wa Sekiondo, lakini alipofika kwenye wa kulia, ule uliomlaza ng'ombe dume, alikaza, akakaza tena, mpaka vidole vikavimba na kupoa. Sekiondo alimtazama usoni. Alijua kwamba nyuma ya umati, kwenye majani marefu, wanaume wa pande zote walikuwa wamelala juu ya mikuki yao, na kwamba neno moja la "nimeonewa" lingewainua. Alimeza neno hilo akaingia uwanjani.

Enyi watu, pambano! Kibuyu cha maji kilichotobolewa kilitundikwa mtini, na maji yalipokwisha kudondoka ndipo wapiganaji walipopumzika. Kibuyu cha kwanza Lugome alimpiga mbavu hadi watu wa Juu wakafumba macho. Cha pili alimpasua nyusi. Sekiondo alirusha mkono wa kushoto peke yake, na watu wake wakapiga makelele, "Kulia! Kulia! Umeuweka akiba ya nani?" Hawakujua kwamba mkono ule ulikuwa umekufa, unaning'inia. Kibuyu cha tatu alipiga goti. Akainuka! Lugome akaja mbio kummaliza, kidevu juu, kwa kuwa aliuona mkono wa kulia hauna kazi. Hapo Sekiondo akazungusha kiuno, bega likaubeba mkono usiohisi kitu, ukatua tayani mwa Lugome kwa mlio uliosikika malishoni. Mwamba wa Bondeni akaanguka kifudifudi, na Sekiondo, kama shujaa wetu yeyote afanyavyo hadi leo, akamwinua na kumnywesha maji kabla hajanywa yeye.

Kisha Nakiete akaja kufungua. Nyuzi zilipotoka, mkono ulikuwa mweusi na mifupa imepotoka, na kila mtu akaona. "Kamfunga kitanzi!" walipaza sauti watu wa Juu, na mikuki ikainuka majanini, ya huku na ya kule.

Nakiete hakukimbia. "Ni mimi," alisema. "Mwanangu ni mmoja tu."

Sekiondo akasimama mbele yake, damu ikimziba jicho. "Wekeni mikuki chini! Mama huyu amenifunga ipasavyo. Mkono huu nimeuvunja mimi, juu ya taya ya mwanawe, na taya ile ilistahili mkono. Anayetaka kisasi aanze na mimi, bado nina wa kushoto. Na kwa kuwa ugawaji wa maji ni wetu, nagawa: watu wa Chini watateka kwanza."

Hakuna aliyejitokeza. Mikuki ilizikwa mchana ule ule, na Lugome ndiye aliyechimba shimo, taya imefungwa kitambaa.

Mkono wa Sekiondo ulikauka. Hakufua chuma tena wala hakupigana tena, naye aliyapenda yote mawili kuliko chakula, na msinidanganye kwamba hakulia. Alifundisha vijana wa koo zote mbili. Alipozeeka alisikia kwamba ng'ambo ya mbuga kuna watu wanachomana mikuki kwa ajili ya kisima. Akachukua fimbo akaenda, na Lugome akamfuata bila kuulizwa. Hawakurudi, na makaburi yao hatuyajui.

Kilichobaki ni sisi. Niliwahi kumuuliza bibi yangu kama ukoo wetu ulikuwa wa Juu au wa Chini, na je, mimi ni wa damu ya Sekiondo au ya Nakiete. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la wendawazimu.

"Nani ajuaye hayo, mjukuu wangu?" akasema. "Tulioana, tukasahau."