Kibali Kimoja na Mjusi wa Buluu

YAH: KIBALI KIMOJA (1) CHA MWAKA CHA KUINGIA MSITUNI KWA MWANANCHI ATAKAYETHIBITIKA KUMWOKOA MJUSI

Ndivyo barua ya serikali ilivyosomeka, na mihuri miwili, mmoja juu ya mwenzake kwa usalama zaidi. Sogeeni basi, mnisikilize.

Bi Havijawa, msuka mikeka, alikuwa na jicho. Mkude, mrina asali, alikuwa na miguu. Kobelo alikuwa na mikono myepesi. Zamani aliiba mijusi, akafungwa, akaacha.

Mjusi mwenyewe si mkubwa kuliko kidole, buluu kushinda khanga ambayo haijafuliwa. Anaishi juu ya mkadi tu, mti ambao majani yake husukiwa mikeka. Wezi huangusha mkadi mzima wampate mmoja, hadi msitu wa Mbwego ukabaki na dume mmoja. Ndipo serikali ikaufunga: bila kibali, hata jani lisiokotwe.

Siku moja Bi Havijawa, akiwa shambani kwake ukingoni mwa msitu, aliona kilele kimoja cha mkadi hakipo. Akapiga yowe.

Mkude aliifuata nyayo kwa nyayo njia ya mwizi, akamkamata barabarani anasubiri gari, dume yule kamfunga ndani ya soksi.

Kobelo aliifungua soksi. Mjusi alikuwa amekauka, hatikisiki. Akamdondoshea maji tone kwa tone hadi akaramba, akamtia kwenye chupa yenye matundu.

"Humu atavumilia siku mbili," alisema. "Ya tatu sina hakika."

Siku hiyohiyo, Ijumaa alasiri, chupa ikawekwa mezani kwa Bwana Misitu.

"Aliyemwokoa nani?"

"Mimi," walijibu wote watatu.

"Fomu ina mstari mmoja."

"Andika herufi ndogo," alisema Mkude.

"Mwanangu, tumrudishe kwanza," Bi Havijawa alisihi. "Msitu si ule pale?"

"Mama, haingii mtu bila kibali, na kibali kinataka jina."

"Kwani wewe huingii?"

"Changu kiko mkoani, kinasainiwa."

"Basi andika langu! Mwaka mzima sijasuka mkeka. Bila jicho langu nani angejua?"

"Ungejua, ukalia," alisema Mkude. "Nani alimkamata mwizi?"

"Mngeleta maiti," alisema Kobelo.

"Kelele!" alifoka Bi Havijawa. "Hao wezi si wanafunzi wako?"

"Ndiyo maana nilijua dawa."

Ndani ya chupa mjusi alizunguka, akasimama, akazunguka tena.

Bwana Misitu alikuna kichwa. Mwenye jicho hukata majani ya mkadi. Mwenye miguu huingia na mwenge wa kufukuzia nyuki. Mwenye mikono, mikono yake inajulikana. Na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake.

Haya, kalamu nakupa wewe uliyekaa hapo. Ungeandika jina la nani?

Bwana Misitu yeye aliahirisha kikao hadi Jumatatu, akaifungia chupa kabatini, akaenda nyumbani na ufunguo.