Mikono Mitatu Juu ya Ngoma

Hapo zamani, enzi ambazo mvua iliwasusa watu na nyasi zikaungua mpaka mizizi, palikuwa na kijiji cha watu wanaocheza ngoma na nyoka. Sikilizeni vizuri, maana nitakachowauliza mwishoni kinaninyima raha hata mimi mwenyewe.

Katika kijiji hicho aliishi Mbuke, mke wa Jilala. Jilala ndiye aliyecheza na chatu shingoni, watu wakapiga vigelegele hadi sauti zikawakauka. Mwaka ule chatu wake alikufa kwa kiangazi, na porini hakukusalia nyoka hata wa kutishia watoto. Ngoma kubwa ya mwaka nayo ilikuwa inakaribia.

Asubuhi moja Kashindye, mkuu wa ngoma, aliingia uani kwa Mbuke pamoja na Maduhu, mdogo wake Jilala, ambaye kazi yake ilikuwa kupika dawa ya sumu ya nyoka. Mbuke alikuwa akibangua karanga, kichanga mgongoni, mumewe kando.

"Tuvuke mto, twende nchi ya pili," alisema Kashindye. "Kule pori bado bichi, mashimo ya mnyama mhanga yamejaa chatu. Safari fupi tu, kwenda na kurudi. Au mnataka wale wa kijiji cha chini watucheke?"

Yeye ndiye aliyejigamba mbele ya hao wa kijiji cha chini kwamba mwaka huu ataleta chatu wa ugenini. Mdomo ulikuwa wake. Mikono ya kumkamata nyoka ilikuwa ya Jilala.

Jilala alicheka. "Chatu hanipi shida. Nakaa nje ya shimo, nasubiri atoke kuota jua, namshika. Kutia mkono shimoni ni kazi ya mjinga."

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyevuka mpaka kutafuta nyoka kabla watu watatu hawajaweka mkono juu ya ngoma na kuapa. Mkuu aliapia njia, mpika dawa aliapia dawa, mke aliapia nyumba. Mmoja akikataa, safari imekufa, wala haulizwi kwa nini.

Kashindye aliweka mkono. "Njia iko safi. Wenyeji wa kule wamepata salamu zetu." Kumbe hakutuma salamu wala mtu.

Maduhu aliweka mkono. "Dawa iko tayari." Kumbe dawa ile ilikuwa ya nyoka wa nyumbani. Wa ng'ambo hakuwajua, na aliona aibu kusema hajui mbele ya kaka yake.

Mbuke aliweka mkono. "Nyumba iko radhi." Kumbe haikuwa radhi hata kidogo. Alitaka kusema hapana, lakini macho ya Kashindye yalimkalia usoni, na mke anayezuia ngoma husemwa kisimani mpaka anazeeka.

Mizigo ilipokuwa ikifungwa, alimvuta mumewe nyuma ya ghala.

"Baba wa mtoto, siku ya kumpa mwanao jina ikikukuta huko, usinitafute. Namchukua, narudi kwetu, baba yangu atampa jina."

"Mbuke, usinifanyie hivyo."

"Basi fanya haraka."

Maneno hayo hakuyasikia mtu mwingine.

Wakavuka wanaume watatu. Jilala akapata shimo zuri, akakaa, akasubiri. Jua likatembea, chatu hakutoka. Akasubiri tena, hakutoka. Maduhu akamwona kaka yake akitazama upande wa nyumbani, kisha Jilala akalala kifudifudi, akatia mkono. Mle ndani alikuwamo fira, nyoka wa sumu kali, akamuuma kiganjani. Maduhu akampaka dawa, haikufanya kitu. Kashindye akakimbilia kwa wenyeji kuomba mganga wao.

"Mmeingia kwetu bila hodi, mnatuibia nyoka," walimjibu. "Rudini mlikotoka." Wakafunga milango.

Jilala alifia ukingoni mwa mto, akiuliza kama siku ya jina imepita.

Wakamleta nyumbani kwa machela. Na hapa ndipo penye kazi. Kwa desturi yao, kaburi la mtu kama huyu lilichimbwa na mmoja tu, yule ambaye kiapo chake cha uongo kilimuua. Akimaliza kuchimba aliondoka kijijini asirudi tena, na mtoto wake, kama anaye, alibaki kwa ukoo wa marehemu. Jembe likawekwa chini, kando ya maiti.

Kashindye akasema, "Ni kweli, salamu sikutuma. Lakini kukosa salamu hakuui mtu. Dawa ingekuwa dawa, angekuwa hai."

Maduhu akasema huku analia, "Ni kweli, nyoka wa kule siwajui. Lakini kaka yangu hakuwahi kutia mkono shimoni tangu azaliwe. Alikuwa na haraka, akaniuliza habari za siku ya jina. Nani alimtia haraka?"

Mbuke alikuwa ameketi upande wa kichwa cha mumewe, mtoto akinyonya. Alijua fika kwamba akinyamaza atatunzwa kama mjane yeyote, na mtoto atabaki wake. Aliyeijua siri yake amelala pale, amefunikwa shuka. Akautazama mkono wa Jilala uliovimba ukichungulia nje ya shuka.

"Ni mimi," akasema. "Nyumba haikuwa radhi. Nilimwambia afanye haraka."

Akaona mabega ya Kashindye yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwona Maduhu akifuta machozi na kutazama pembeni. Hakuna hata mmoja aliyesema, ngoja kwanza, shemeji.

Mbuke akamtoa mtoto kwenye titi, akamkabidhi kwa wanawake wa ukoo. Mtoto akalia. Mbuke akanyoosha mkono kwenye jembe.

Mimi nimefika hapo, na hapo nasimama. Jua linapanda, maiti anasubiri, mtoto hana jina. Mbuke hajaliinua jembe bado, na nyie mnaonisikiliza mnaweza kumzuia. Watatu waliapa uongo, na aliyeungama bila kumsukumia mwenzake ni mmoja. Je, nani alistahili kulishika jembe lile?