Kichwa Kilichosukwa Nusu

Hapo zamani, zamani changa ambayo hata mvi haijaota, alikuwapo mshonaji mmoja, Mwanatumu, aliyejifunga kwa nadhiri.

Aliiweka akiwa kitandani hospitalini: akitoka mzima, mtoto atakayemzaa atapewa jina na yule aliyemwokoa. Akatoka mzima. Miaka miwili baadaye akajifungua binti. Sasa ilikuwa siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumtaja jina. Wembe umewekwa kwenye sahani, na watu watatu wameketi mkekani wanamtazama. Mwanatumu roho ilikuwa juu juu. Nadhiri ni ahadi kwa Mungu, na aliogopa kuikosea juu ya kichwa cha mwanawe.

Wa kwanza alikuwa Ziada, msusi wake, mwanamke asiye na simile.

"Nani aliyekuokoa? Nilikuwa nimeshakusuka upande mmoja, nikaona kwenye kioo ukope wa jicho moja umelegea, na mboni yake imekuwa kubwa kuliko ya mwenzake. Ukasema ni uchovu wa cherehani. Nikakwambia sisuki upande wa pili mpaka uende hospitali. Ukaondoka umenuna, nusu mistari, nusu timutimu."

Ni kweli. Mwanatumu aliikumbuka ile aibu ya kuvua mtandio ili apigwe picha ya kichwa. Picha hiyo ndiyo iliyoonyesha mshipa wa ubongo umetuna kama puto, umebakiza kupasuka tu.

Wa pili alikuwa Dokta Lukindo, aliyesema taratibu kama mtu anayeomba maji.

"Nani aliyekuokoa? Nilipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, nikaupandisha mpaka kichwani. Nikatandaza stenti, kile kibomba cha wavu, ili damu ipite zake bila kuujaza ule uvimbe. Mkono ungenitetemeka, usingeamka."

Hilo nalo kweli. Na unywele mmoja hakuugusa. Mwanatumu alirudi nyumbani na nusu yake ile ile, Ziada akaimalizia.

Wa tatu alikuwa Bi Mesalimu, mama wa mumewe. Stenti bila vidonge, damu huganda ndani yake. Lakini vidonge vilimchosha Mwanatumu: mara mwili una mavilio ya damu, mara damu inamtoka puani. Akawa anavificha chini ya ulimi, kisha anavitema. Mama mkwe akavikuta kwenye kopo la vifungo. Tangu hapo, miezi na miezi, hakuonja chai kabla ya kumkagua. Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, kunywa maji tena. Majirani wakasema anamnyanyasa mke wa mwanawe, na Mwanatumu aliwasikia akanyamaza. Hilo lilimuuma mpaka leo.

"Mimi sidai kitu, mwanangu," alisema Bi Mesalimu. "Ila bila mimi ungekuwa wapi?"

Kinyozi akakilowesha kichwa cha mtoto. Mtoto akapiga chafya.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Wembe umeshainuliwa na jina halijatajwa. Je, nani alistahili kulitaja?